Kambi za madaktari bingwa ziendelee hivi hivi, au sehemu ya hela iwekwe kwenye kliniki ya kudumu mkoani? Tujadili

Fizio wa Magharibi (mleta mada)

Wakuu, habari za majukumu. Mada ni ndefu kidogo, wenye haraka rukeni hadi aya ya mwisho.

Tangu 2024 Wizara ya Afya imekuwa ikipeleka timu za mabingwa kwenye hospitali za halmashauri zote 184 za Tanzania Bara, kampeni mnayoijua kwa jina la Madaktari Bingwa wa Rais Samia. Timu inakaa kama wiki moja hivi, ina bingwa wa watoto, wa magonjwa ya wanawake na uzazi, wa upasuaji, wa magonjwa ya ndani, na wa ganzi na usingizi. Mbali na hiyo, taasisi kubwa kama ya Moyo ya Jakaya Kikwete na ya Mifupa Muhimbili (MOI) zina safari zao za tiba mkoba mikoani. Gari la matangazo likishapita, kesho yake hospitali inafurika kama mnadani.

Kwa mwenye ngiri au uvimbe kwenye kizazi, hiyo ni neema. Anapasuliwa, anashonwa, anarudi kwake, nauli ya Dar imebaki mfukoni. Hapo sina ugomvi na mtu. Ninaowasemea ni wale ambao ugonjwa wao hauishi kwa kisu kimoja. Nachukua mfano ninaoushika kwa mikono yangu kila wiki: mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi.

Huyu anatakiwa afungwe mgongo mapema, ikiwezekana ndani ya siku 2 au 3 tangu azaliwe, kabla vijidudu havijapanda kwenye uti wa mgongo. Wengi wao maji yanajaa kichwani pia, basi anawekewa mrija wa kuyatoa kwenye ubongo na kuyashusha tumboni. Mrija unaweza kuziba mwezi ujao, unaweza kuziba baada ya miaka mitano. Ukiziba mtoto anatapika, analala kupita kawaida, utosi unavimba, macho yanaelekea chini, na hapo kinachohesabiwa ni saa. Miguu nayo: haina nguvu, au nyayo zimepinda, anataka plasta, viatu vya kutengenezwa, mazoezi. Kibofu hakijitoi chenyewe, kwa hiyo mama anafundishwa kumtoa mkojo kwa mpira kila baada ya saa 3 au 4, maisha yote, la sivyo mkojo unarudi kwenye figo na figo zinakufa kimya kimya. Choo kina shughuli yake. Ngozi ya makalio haisikii, akikalia kijiwe hajui, unakuja kugundua kidonda kimeshafika ndani.

Haya, hesabu mabingwa hapo. Wa ubongo na mishipa ya fahamu, wa mifupa, wa njia ya mkojo, wa watoto, halafu sisi wa mazoezi tiba. Mgonjwa ni mmoja, ana miezi minne, na kila kliniki ina siku yake na foleni yake.

Juzi mama mmoja alinifungulia daftari la mwanawe. Ukurasa wa kambi umeandikwa vizuri, mwandiko unasomeka (si kawaida yetu): "Kichwa kinaongezeka. Aonwe na bingwa wa ubongo. Arudi baada ya mwezi." Arudi kwa nani? Aliyeandika ameshahamia wilaya nyingine na msafara. Mama alirudi kweli, tarehe ile ile, akakaa kwenye benchi hadi saa nane, ndipo akaletwa kwangu kwa sababu nilikuwa wa mwisho kufunga mlango.

Hoja yangu basi: sehemu ya fedha za kambi ibadilishiwe kazi. Kila hospitali ya rufaa ya mkoa iwe na kliniki ya watoto hawa yenye tarehe inayojulikana, muuguzi mmoja mwenye simu anayeshika mafaili yao, stoo yenye mipira ya mkojo ya saizi za watoto, na bingwa yule yule kutoka hospitali ya kanda anayekuja kila baada ya miezi mitatu, waandishi wa habari wawepo wasiwepo. Upasuaji wenyewe ubaki kanda na taifa. Mnasemaje?

Mzee wa Kivukoni

Fizio umeleta hoja isiyopigika picha. Muuguzi mwenye simu na kabati la mafaili, utepe utakatiwa wapi? Nimemaliza.

Mkata Nyuzi

Mleta mada, mimi hizo kambi nimekwenda, nimelala kwenye nyumba za wageni zenye kunguni, kwa hiyo niruhusu nikupinge kwa heshima.

Hao watoto unaotaka waje kliniki kwa tarehe, nani angejua kama wapo? Nimeona mtoto wa miaka mitatu kaletwa kafunikwa kanga mbili, kichwa kimeshakuwa kikubwa kiasi kwamba shingo haikibebi. Hospitali ya mkoa hajawahi kuikanyaga, na ya wilaya pia. Bibi yake alisema lile gari la matangazo walidhani ni la siasa, hadi waliposikia neno Muhimbili. Kliniki yako tulivu, yenye tarehe nzuri, bibi yule asingeisikia. Kambi ina kelele, na kelele ndiyo iliyomtoa mtoto ndani.

La upasuaji kubaki kanda na taifa tuko pamoja, na nataka wengine waelewe sababu, maana kila mbunge anataka bingwa wa ubongo jimboni kwake. Kumfunga mgongo mtoto wa kilo tatu si kazi ya daktari mmoja mwenye mkono mwepesi. Unataka mtu wa usingizi aliyezoea watoto wachanga, chumba kinachotunza joto, damu ya akiba, wauguzi wanaojua mtoto huyu halazwi chali. Timu inayofanya kesi mbili kwa mwezi inasahau. Muhimbili wanafanya, Bugando ya Mwanza wanafanya, na kila wanavyofanya nyingi ndivyo wanavyofanya vizuri. Ukitawanya mabingwa kila mkoa utapata mikoa mingi yenye bingwa na michache yenye matokeo.

Halafu kuna jambo ambalo nyie wa nje ya utawala hamlipendi: vifungu vya bajeti. Fedha ya kambi ni mafuta, posho, dawa na vitendanishi. Mshahara wa muuguzi wako uko kifungu kingine kabisa na unahitaji kibali cha ajira. Huwezi kuamka asubuhi ukageuza dizeli kuwa ikama ya watumishi.

Na mabingwa kambini hawaendi peke yao kama watalii. Tunafanya kazi bega kwa bega na madaktari wa pale, tunawaachia ujuzi. Hilo hujaligusa.

Fizio wa Magharibi

Mkata Nyuzi, la bibi na kanga mbili nalipokea, sikatai kelele. Lakini endelea na hadithi: yule mtoto mlimwandikia nini?

Mkata Nyuzi

Rufaa ya Dar.

Fizio wa Magharibi

Alifika?

Mkata Nyuzi

Sijui. Ndiyo, najua unakonielekeza.

Mama wa Kaliua

Shikamooni wakubwa. Mimi si mtaalamu, ni mama wa huyo huyo mtoto mnayemjadili, ila wangu ana miaka minne sasa.

Mgongo wake ulifungwa Dar akiwa ameshapita wiki mbili. Kwanza tuliambiwa tusubiri barua ya rufaa, ikaja, kisha gari la wagonjwa likawa halina mafuta, mwisho baba yake akauza ng'ombe tukapanda treni. Hospitalini nashukuru tulisamehewa. Ofisi ya ustawi wa jamii walinihoji, wakajaza fomu, upasuaji sikulipa. Ila fomu ya kusamehe nauli haipo. Wala ya chakula cha anayemuuguza, wala ya kulala kwa wifi yangu Mbagala mwenye chumba kimoja na watoto wake.

Mipira ya mkojo nilifundishwa na muuguzi wodini, alinishika mkono mara ya kwanza maana nilikuwa natetemeka. Nikapewa michache ya kuanzia. Ilipoisha nikaenda duka la dawa hapa kwetu, kijana akanitolea ule wa mtu mzima wenye mfuko. Wa saizi ya mtoto hana, na mkoani niliambiwa hakuna, unaagiza Dar unaletewa na konda wa basi. Kwa hiyo ule mmoja unauosha kwa sabuni na maji safi, unauanika juu ya kitambaa, unauweka kwenye kopo lenye mfuniko, unautumia tena mpaka ukiona umekuwa mgumu.

Sasa kuhusu mnachobishania. Kaka Fizio, mkoani kwangu nako ni safari. Ni nafuu kuliko Dar, karibu siyo. Mnaposema huduma imesogezwa karibu pimeni kwa nauli, msipime kwa ramani. Na daktari Mkata Nyuzi, kambi ilikuja kwetu mwaka jana nikaenda, wakampima vizuri, wakaniambia mama unafanya kazi nzuri. Nilifurahi kweli. Lakini mpira hawakuwa nao.

Ninachokitaka kuliko vyote ni mtu wa kumpigia. Mtoto aliwahi kutapika usiku kucha, tukampeleka hospitali ya karibu, wakasema malaria, wakamtundikia dripu. Nikasema huyu ana mrija kichwani, nikaambiwa mama tuache tufanye kazi. Bahati namba ya yule muuguzi wa Dar nilikuwa nayo, si kwa utaratibu, alinipa tu kwa huruma. Alipoongea na daktari wa zamu ndipo wakahangaika na rufaa.

Selimundu Tupo

Pole na hongera Mama wa Kaliua. Wakuu, ongezeeni na sisi. Inakadiriwa watoto 11,000 hivi huzaliwa na selimundu (sickle cell) Tanzania kila mwaka. Muhimbili na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma siku hizi wanapandikiza uloto, tunashangilia kwenye taarifa ya habari, lakini mgonjwa wa kawaida anachohitaji ni dawa ya hydroxyurea isiyokatika, kipimo cha damu cha mara kwa mara, na daktari anayejua kwamba maumivu yake si maigizo. Hivyo vitatu havihitaji ndege wala msafara. Kwa hiyo mimi niko na Fizio, ila asifanye kliniki ya ugonjwa mmoja. Iwe ya watoto wote wenye ugonjwa wa muda mrefu, la sivyo kila chama kitadai cha kwake na hospitali itakuwa na kliniki kumi zenye muuguzi yule yule.

Jirani wa Kisumu

Hamjambo majirani. Ngoja niwape yaliyotupata, mtajua wenyewe la kufanya.

Mwaka 2015 serikali yetu ilikodi vifaa vya kisasa kwa hospitali 98, mbili katika kila kaunti na nyingine za kitaifa. Mashine za figo, za picha, vyumba vya upasuaji. Bei ya mkataba ikaja kuwa kelele hadi Seneti ikaunda kamati ya kuchunguza. Kuna kaunti mashine zilifika zikakaa kwenye maboksi kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuziendesha, au maji, au umeme wa kutosha. Tukasema basi shida ni mabingwa. Mwaka 2018 wakaletwa madaktari 100 kutoka Kuba wagawanywe kwenye kaunti. Walifanya kazi, sitasema hawakufanya. Lakini kufikia 2023 serikali ikasema mkataba hauendelei. Aliyekuwa akihudhuria kliniki ya bingwa yule alianza upya.

Kwa hivyo nikisikia "kambi ama kliniki ya kudumu", nauliza kwanza: hiyo kudumu inalipwa na nani mwaka wa nne? Na Fizio, jihadhari, kliniki inayomtegemea nesi mmoja hufa nesi akihamishwa. Hapa kwetu madaktari waligoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, na kabla mwaka huo haujaisha wauguzi nao wakagoma miezi mitano. Mtoto mwenye mrija wakati huo alikuwa mikononi mwa Mungu na wa hospitali za misheni.

Nawaunga mkono kwa simu. Simu haihitaji kukodiwa kwa mabilioni.

Mhasibu Mstaafu

Mnajadili nani atamwona mtoto, hakuna anayejadili nani atalipa akishaonwa.

Mtakumbuka bima ya watoto ya Toto Afya Kadi, shilingi 50,400 kwa mwaka kwa mtoto wa chini ya miaka 18. Mwaka 2023 NHIF (mfuko wa taifa wa bima ya afya) wakaisitisha kwa utaratibu ule, sababu yao ikiwa kwamba wazazi wengi walikuwa wanamwandikisha mtoto akishaugua. Watu walikasirika sana, na nawaelewa, lakini hesabu ya bima haina huruma: mfuko wenye wagonjwa peke yao si mfuko wa bima, ni mchango wa harusi ambao kila mchangiaji ni bwana harusi. Ndiyo maana ikaja Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Wazo ni sahihi, wote waingie, wazima wawabebe wagonjwa.

Swali langu kwa mabingwa humu: kwenye kitita cha msingi, mpira wa mkojo wa mtoto umo? Viatu vya kurekebisha nyayo vimo? Maana bima ya nchi yoyote huanza na kile chenye risiti kubwa, kitanda, upasuaji, CT. Vitu vya bei ndogo vinavyorudiwa kila siku huachiwa familia, na ndivyo vinavyoifilisi. Piga hesabu ya mpira na pampas kwa miaka kumi ndipo uniambie upasuaji ulikuwa ghali.

Na msamaha wa watoto chini ya miaka 5 una mwisho wake. Mtoto wa Mama wa Kaliua ana minne. Siku ya kuzaliwa ya tano, kibofu hakitaambiwa kwamba sera imebadilika.

Mama wa Kaliua

Hilo la miaka mitano ndilo linaloninyima usingizi baba.

Muuguzi wa Kanda ya Ziwa

Naongeza la kitaalamu kidogo. Pale Mbale, Uganda, kuna hospitali ya CURE ambayo tangu miaka ya 2000 mwanzoni imetibu watoto wengi sana wa vichwa vikubwa. Mmarekani Benjamin Warf aliyefanya kazi pale aliona kitu ambacho Mama wa Kaliua amekieleza kwa maneno yake: kumwekea mrija mtoto anayeishi mbali na hospitali ni kumpa kifaa kitakachoziba siku gari hakuna. Wakaendeleza njia ya kuingia kwa kamera ndogo, kutoboa mlango mwingine wa maji humo humo ndani ya ubongo, na kuchoma sehemu ya tishu inayoyatengeneza. Haimfai kila mtoto. Anayefaa, anaondoka bila mrija.

Nimeileta hapa kwa sababu inaonyesha umbali wa kijijini unaweza kubadilisha hata uamuzi wa mpasuaji mezani. Bingwa aliyekwenda kambini akaona barabara yenyewe ataamua tofauti na ambaye hajawahi kutoka Upanga, Dar. Kwa hiyo kambi zina faida ambayo Mkata Nyuzi mwenyewe hakuitaja: zinamfundisha bingwa.

Na la kupima kichwa kwa utepe sasa. Kliniki ya watoto tunapima uzito kila mwezi, kichwa tunakiangalia kwa macho. Kwa macho utagundua kimeshachelewa. Utepe wa fundi cherehani unatosha. Nashangaa tunabishana juu ya mabilioni wakati hili halijafanyika.

Unga Safi

Na kinga? Kanuni ya kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano na mahindi ipo tangu 2011, foliki asidi ikiwemo, na foliki asidi ndiyo inayopunguza kuzaliwa watoto wa mgongo wazi. Inafanya kazi kwenye viwanda vikubwa. Lakini nani humu kijijini kwao anakula sembe ya kiwandani? Watu wanapeleka debe lao mashineni, linasagwa, basi. Na vidonge vya kliniki ya wajawazito kwa hili vinachelewa, kwa sababu mgongo wa mtoto unajifunga ndani ya wiki nne za mwanzo, wengi hata hawajajua wana mimba. Kila shilingi mnayoigombania ingepelekwa kwenye mashine za kusaga mngepunguza wagonjwa wenyewe.

Fizio wa Magharibi

Unga Safi upo sahihi na ungestahili uzi wako peke yako. Ila mtoto ambaye ameshazaliwa huwezi kumtibu kwa unga.

Narudi kwa hoja nzito. Mkata Nyuzi, umesema vifungu. Sijaomba ajira mpya. Muuguzi yupo tayari hospitali ya mkoa, tatizo leo yuko wodi ya watoto, mwezi ujao wodi ya wazazi, mwezi wa tatu dirisha la dawa. Ninachotaka ni uamuzi wa mganga mfawidhi kwamba hawa wawili (wawili, Jirani wa Kisumu, nimekusikia) hawazungushwi, na simu ni ya hospitali, si ya mtu, ili akihamishwa namba ibaki. Mafuta na posho za bingwa wa kanda kuja mara nne kwa mwaka ni kifungu kile kile cha kambi. Mipira ya mkojo ni vifaa tiba, vinaagizwa MSD (Bohari ya Dawa) kama glavu, mtu tu aiandike kwenye mahitaji. Haijaandikwa kwa sababu hakuna mtu mmoja anayejua wako wangapi.

Kuhusu kuachia ujuzi, niwe mkweli. Nimeona daktari kijana wa wilaya akifundishwa vizuri kambini. Miezi sita baadaye kaenda kusomea ubingwa, na ufadhili wa serikali kwa masomo hayo upo, nampongeza. Lakini atarudi wilaya ile? Ujuzi ulioachiwa kwa mtu huondoka na mtu. Ulioachiwa kwenye rejista, kwenye saa ya kliniki, kwenye namba ya simu ukutani, hubaki kidogo.

Selimundu Tupo, nakubali, iwe kliniki moja ya watoto wote wa muda mrefu. Sikuwa nimeiwaza hivyo na ni nafuu zaidi.

Na kwa Mama wa Kaliua, aliyenibana kuliko wote humu: kliniki ya mkoa haimtoshi. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa 2024 unaweza kuifikisha nusu ya kazi kijijini. Mhudumu mmoja, utepe, orodha ya dalili tano za mrija kuziba, na ile simu. Akiuliza "mtoto huyu ana mrija?" kabla ya dripu, ameshafanya kazi ambayo bingwa hawezi kuifanya kwa mbali.

Mzee wa Kivukoni

Nimerudi. Simu imepokelewa, saa nane usiku, mtoto anatapika. Halafu?

Mkata Nyuzi

Mzee leo umeuliza la maana.

Hapo ndipo naona tumezunguka kitu bila kukigusa. Akina mama wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wana m-mama: unapiga 115 bure, linatafutwa gari la wagonjwa, likikosekana anaitwa dereva wa kijijini aliyesajiliwa, analipwa kwa simu. Mfumo huo upo na unatembea. Lakini mtoto mchanga kwenye utaratibu ni wa siku 28. Mrija hauzibi kwa kufuata siku 28. Mtoto wa miezi minne wa Fizio, na wa miaka minne wa Kaliua, wako nje ya mstari.

Mimi nikipewa kuchagua kimoja kati ya kliniki yako na kuwaingiza watoto wenye mirija kwenye 115, nachukua 115. Wapewe kadi, namba zao ziwe kwenye mfumo, wakipiga gari liende moja kwa moja kwenye hospitali yenye mpasuaji wa ubongo bila kupitia vituo vitatu vya kuandikiwa rufaa. Kambi iendelee kuwatafuta waliofichwa, na kila anayepatikana aingie kwenye orodha hiyo siku hiyo hiyo.

Fizio wa Magharibi

Nakubali orodha, nakubali 115. Sikubali kuchagua kimoja. Gari litamwokoa usiku wa mrija. Figo hazina usiku wa dharura, zinakufa mchana kwa miaka mitano huku mtoto anacheka. Bila kliniki na mipira utakuwa umeokoa kichwa ukapoteza figo, na utamkuta kwenye mashine ya kusafisha damu akiwa na miaka 15, mara tatu kwa wiki. Mhasibu atuambie hiyo ni shilingi ngapi.

Mhasibu Mstaafu

Huko msinipeleke, nimestaafu. Ila mashine za figo zimeota kila kona miaka hii, na sijaona hospitali iliyobandika bango la mipira ya mkojo ya watoto.

Mkata Nyuzi

Bado nasema gari kwanza, kwa sababu aliyekufa usiku ule hana figo za kuokolewa. Kliniki mwaka wa fedha unaofuata. Na kwenye rejista yenu muandike pia nani alifika Dar na nani hakufika, maana sisi tunaoandika rufaa huwa haturudishiwi jibu.

Mama wa Kaliua

Mkishaelewana cha kuanza nacho, saizi ya wangu ni namba 8.